Maswali ya Gereji: Honi ya upepo bila kuvuta kamba

Assalaam aleikum mafundi. Naendesha lori la volti 24, nabeba chumvi kutoka Gongoni kushuka Malindi hadi Mombasa. Honi ya upepo iko juu ya kebini, na valvu yake ni ya kuvuta kwa kamba, imefungwa darini katikati ya viti. Kila nikitaka kuipiga, mkono wa kushoto lazima uache usukani na kwenda juu, na bega la mkono huo linaniuma. Fundi mmoja alinifungia mota ya kufuli ya mlango wa gari dogo ili ivute kamba nikibonyeza kitufe. Siku chache tu ikaungua. Valvu ya kamba sitaki kuitoa, utingo huitumia. Nifanyeje?
*Dereva wa chumvi, Gongoni*

Waaleikum salaam, ndugu dereva. Tuanze na mota, maana wengi wamefanyiwa hivyohivyo. Mota ya kufuli ya mlango imetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi kuliko sekunde moja: inasukuma, inafika mwisho, umeme unakatwa. Wewe ukishikilia kitufe sekunde tatu kwa ajili ya mbuzi waliolala barabarani, mota imeshafika mwisho na haiwezi kuzunguka tena, lakini umeme bado unaingia. Umeme wote huo unageuka joto. Tena mota hizo nyingi ni za volti 12. Ukiipa 24, joto linakuwa mara nne. Na kama fundi alichukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, alikuletea tatizo jingine ambalo hujaliona bado: betri inayotoa huduma peke yake hubaki na njaa, mwenzake hushiba kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zinakufa. Kagua leo. Ukikuta waya uliobaki kwenye kiungo cha katikati ya betri, utoe.

Sasa iacheni kamba na valvu yake zilivyo. Upepo upewe njia ya pili kando ya ile ya kwanza, na mlango wa njia hiyo uwe valvu ya umeme, ile ambayo madukani huitwa solenoidi. Utingo akivuta kamba honi italia kwa njia ya zamani, na wewe ukibonyeza kitufe italia kwa njia mpya. Umeme ukikatika, kamba bado ipo.

Valvu ya kununua ni ya milango miwili, inayokaa imefungwa hadi ipate umeme. Soma maandishi ya koili, ile sumaku ya waya inayoifungua valvu, kabla ya kutoa pesa: lazima yaseme volti 24 za umeme wa betri. Koili za volti 220 za umeme wa nyumbani hukaa rafu hiyohiyo na sura ni ileile. Shinikizo inaloweza kuhimili lisiwe chini ya bari 10, maana tangi la lori huzunguka kwenye bari 8 na mengine hupanda zaidi. Mwili uwe wa shaba. Zile valvu za plastiki za mashine ya kufulia au za vichujio vya maji ni rahisi, tunajua, lakini zilitengenezwa kwa maji ya bomba, na plastiki iliyochomwa na jua la Malindi hupasuka ikiwa imebana upepo juu ya kichwa chako.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni upana wa tundu la ndani. Valvu yenye nyuzi za robo inchi kwa nje inaweza kuwa na tundu la milimita 2 tu ndani. Ukifunga hiyo, honi italia kama mbuzi aliyekabwa koo. Paipu ya nailoni ya milimita 6 kwa nje ina nafasi ya milimita 4 ndani, kwa hiyo tundu la valvu lisipungue 4. Kama paipu yako ni ya milimita 8, tafuta tundu la 6.

Kabla ya kukata chochote, chunguza valvu ya kamba ni ya aina gani. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Toa upepo kwenye tangi linalolisha honi, fungua paipu inayotoka kwenye valvu kwenda kwenye honi, weka mdomo kwenye tundu hilo la kutokea, upulize bila kuvuta kamba. Ukikuta pumzi yako imegonga ukuta, valvu ni ya kawaida, inafunga na kufungua tu. Ukisikia pumzi ikitokea kwenye kitundu kidogo pembeni, pengine kimefunikwa na kofia ya sponji au shaba ya vinyweleo, basi valvu hiyo inapumua: ikipumzika, hutoa nje upepo uliobaki upande wa honi.

Kwa valvu ya kawaida, unahitaji viungo viwili vya T. Kimoja unakiweka kwenye paipu inayoleta upepo, kabla ya valvu ya kamba. Kingine kwenye paipu inayokwenda kwenye honi, baada yake. Valvu ya umeme inakaa katikati ya hizo T mbili, mshale uliochorwa mwilini ukielekea honi. Kwa valvu inayopumua, T ya pili haifai. Upepo wa valvu ya umeme ukifika pale utarudi nyuma na kutokea kwenye kile kitundu, na honi itapata mabaki. Badala yake weka kiungo chenye gololi ndani, kinachopokea upepo pande mbili na kuutoa katikati: upepo ukija upande huu, gololi inakwenda kuziba upande wa pili. Kwenye maduka ya vifaa vya breki za upepo wanakifahamu. Watu wamebadilisha honi nzima wakidhani imechoka, kumbe kilikosekana kiungo hiki.

Upepo wenyewe chukua palepale honi ilipokuwa ikichukua. Usitoboe mahali papya, na usikaribie tangi la breki hata kama liko karibu na paipu ni fupi. Kwenye malori ya Ulaya, valvu inayogawa upepo imepigwa namba: 21 na 22 ni za breki, 23 ya tela na breki ya kuegesha, 24 ya vifaa vingine, na honi ni ya 24. Mgawanyo huo upo ili paipu ya honi ikipasuka, breki zisikose upepo. Kwa malori ya Japani, ambayo mengi hayana namba hizo, fuata paipu ya honi kwa mkono kutoka darini hadi inakoanzia. Ukikuta fundi wa zamani aliiunganisha na tangi la breki, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kurekebisha, honi ingoje.

Siku ya kufunga, egesha pahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, zima injini, fungua koki ya chini ya tangi la vifaa hadi sauti ya upepo iishe kabisa. Usikate paipu yenye upepo. Kipande cha nailoni kinachoruka kinaweza kukutoa jicho. Kata kwa wembe au kisu kikali, mkato ulionyooka. Mkasi unaibana paipu ikawa yai, na paipu yenye umbo la yai huvuja kwenye fitingi za kusukuma. Ikiingia, utahisi ikigota mara mbili: mara ya kwanza kwenye meno yanayoshika, ya pili mwisho. Wengi huishia pale pa kwanza.

Tepu nyeupe ya nyuzi ianze baada ya nyuzi mbili za mwanzo, si kwenye ncha kabisa. Kinyuzi cha tepu kikikatika kinasafiri na upepo hadi kwenye kiti cha valvu, yaani pale inapokalia ili kufunga, valvu haifungi tena, na honi inaanza kuguna yenyewe usiku ukiwa umelala Marereni. Mizunguko mitatu inatosha.

Valvu ya umeme ifunge karibu na honi kadiri unavyoweza. Ukishaachia kitufe, upepo uliomo kwenye paipu kati ya valvu na honi hauna pa kwenda ila kupitia honi, kwa hiyo paipu ndefu inaacha mkia wa sauti unaokufa polepole. Ila usiiweke nje juu ya paa. Wewe unabeba chumvi, na hata asiyebeba anapata upepo wa bahari. Iweke ndani ya dari, koili ikiangalia juu, ili maji yasikae kwenye bomba la chuma lililo ndani yake. Paipu inapopita kwenye bati la paa, valisha tundu raba.

Umeme sasa. Koili ya wati 14 kwa volti 24 inakula karibu ampea 0.6, kiasi kidogo sana. Kwa hiyo kama utatumia kitufe kipya, huhitaji rilei, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: chukua umeme kwenye waya unaowaka ufunguo ukiwashwa, pitisha kwenye fyuzi ya ampea 3 iliyo karibu na chanzo, kisha kitufe, kisha koili, kisha ardhi, yaani chuma cha lori. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha kabisa. Kitufe kiwe cha kubonyeza na kuachia. Swichi ya kuwasha na kubaki haifai hata kidogo kwa honi. Kwa bega lako, mahali pazuri ni kwenye dashibodi upande wa kulia, au kando ya kiti, mkono unapofika bila kuinuka. Wapo wanaokifunga sakafuni kwa mguu wa kushoto. Si vibaya, ila mchanga na maji ya viatu humaliza kitufe cha kawaida, hivyo nunua kilichozibwa.

Ukitaka kitufe cha katikati ya usukani kipige honi ya upepo, hapo rilei ya volti 24 inahitajika. Kwenye malori mengi kitufe hicho hakileti umeme, bali kinaunganisha waya na ardhi. Mguu 86 wa rilei upate umeme wa ufunguo, 85 uende kwenye waya wa kitufe, 30 upate umeme wenye fyuzi, 87 uende kwenye koili. Weka swichi ya kuchagua kati ya honi ya umeme na ya upepo, ili mjini upige ile ndogo. Pima kwanza kwa taa ya kupimia: kitufe kisipobonyezwa, waya usiwe umegusa ardhi, kikibonyezwa, uguse. Kama lori lako ni jipya na kitufe kinapitia kompyuta, usikiguse, rudi kwenye kitufe cha pembeni.

Kisha dayodi, kitu kidogo karibu sawa na punje ya mchele. Koili inapokatiwa umeme hurudisha mshtuko wa volti nyingi kinyumenyume, cheche ikala uso wa kitufe, redio ikapiga tak. Dayodi ya 1N4007 ikivukishwa kwenye miguu miwili ya koili, mstari wake mweupe ukiwa upande wa chanya, inaumeza mshtuko huo. Ukiigeuza, fyuzi itaungua mara tu ukibonyeza. Hilo ndilo litakalokuambia.

Ardhi ya koili iende kwenye fremu ya kebini iliyokwanguliwa rangi hadi ing'are, boliti ikazwe, kisha ipakwe grisi juu. Kwenye malori ya chumvi hitilafu za honi mara nyingi huanzia kwenye ardhi. Ukibonyeza na usisikie hata tik, chukua waya mrefu kutoka hasi ya betri, ugusishe mguu wa ardhi wa koili. Ikilia, ulichokosa ni ardhi. Ukisikia tik lakini honi kimya, valvu imeziba au koili ni ya volti tofauti na haivuti vya kutosha. Weka ncha ya bisibisi juu ya koili mtu akibonyeza, sumaku inatakiwa kuishika kwa nguvu. Honi ikilia mfululizo bila kubonyezwa, mshale umegeuzwa au kuna takataka kwenye kiti.

Mwisho washa injini, jaza tangi hadi kompresa ipumue, zima, paka povu la sabuni kila kiungo, na uangalie geji kwa dakika 10. Sindano isisogee.

Kama hutaki umeme kabisa, kuna njia mbili za heshima. Moja ni waya wa breki ya baiskeli ukiwa ndani ya ala yake, kutoka kwenye mkono wa valvu hadi kwenye kijiti kando ya kiti: ala ifungwe imara pande zote mbili, mikunjo iwe michache na mipana, na grisi iingizwe ndani kabla ya kufunga, la sivyo kutu itaushika. Nyingine ni silinda ndogo ya upepo yenye kipenyo cha milimita 16, ivute mkono wa valvu ikipewa upepo na kitufe kidogo cha upepo. Kwa bari 6 inavuta karibu kilo 10, nguvu ya kutosha na ziada, kwa hiyo weka kizuizi isije ikaupinda mkono wenyewe. Ni nzuri lakini ina viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Mimi nina lori linalopakua Mokowe mizigo ya kuvuka kwenda Amu. Dereva na utingo huenda hoteli chai, lori likibaki peke yake. Nimeona rimoti za mfukoni zinazowasha vifaa kwa mbali. Naweza kufungiwa moja ipige honi ya upepo, niwaite au nimtishe mwizi?
*Mwenye lori, Mokowe*

Dada yetu, inawezekana, kwa sharti kwamba valvu ya umeme tuliyoeleza hapo juu iwe imefungwa kwanza. Rimoti haina kazi nyingine ila kuwa kitufe cha pili: kipokezi chake kina rilei, na rilei hiyo inaunganishwa sambamba na kitufe cha dereva.

Angalia mambo mawili. Lori la volti 24 injini ikiwa inanguruma huwa na volti karibu 28, na kipokezi kilichoandikwa volti 24 bila ziada kinaweza kuungua siku ya kwanza. Chagua kinachokubali hadi 30 au zaidi. La pili ni namna ya kufanya kazi. Vipokezi hivi huweza kupangwa kwa namna mbili au tatu: kulia ukiwa umebonyeza tu, au kubonyeza mara moja kuwasha na mara ya pili kuzima. Cha kwako kipangwe kwa namna ya kwanza. Namna ya pili, rimoti ikilala kwenye mkoba ikabonyezwa na funguo, honi italia hadi tangi liishe, na wewe uko kwenye mashua katikati ya mkondo.

Umeme wa kipokezi upitie swichi ya siri ndani ya kebini, kizimwe lori linaposafiri. Rimoti hizi za bei nafuu hutumia namba isiyobadilika, na mwenye kifaa cha kunakili anaweza kuiiga. Dereva kupigiwa honi kichwani na mtu mwingine akiwa katikati ya barabara ya Witu si mchezo.

Kuhusu mwizi, tungekushauri king'ora kidogo cha umeme. Honi ya upepo gatini inashtua punda na wapagazi kabla ya mwizi, na Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Kumwita dereva, mpigie simu.

Honi yangu inakoroma asubuhi, mchana inapona. Kwa nini?
*Dereva, Marereni*

Maji. Upepo uliobanwa hutoa unyevu, na pwani unyevu ni mwingi, zaidi wakati wa Kusi. Usiku maji hukusanyika kwenye paipu na nyuma ya kile kisahani cha chuma kinachotetemeka. Mchana joto linayakausha. Mwaga maji ya matangi kila asubuhi kabla ya kuwasha, si mara moja kwa wiki. Kama yanatoka mengi au yana rangi ya maziwa, kichujio cha kukausha upepo kimekwisha na mafuta ya kompresa yanapita. Kibadilishe kabla hayajafika kwenye valvu za breki. Honi yenyewe iinamishwe kidogo mbele ili mdomo umwage.

Na chungulia ndani ya tarumbeta. Nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo lori likikaa siku mbili tatu. Toa udongo kwa kijiti laini bila kusukuma ndani, halafu puliza kutoka upande wa paipu.

Canter yangu ndogo inaweza kufungwa honi ya upepo ya lori kubwa?
*Muuza maembe, Malindi*

Kwanza tazama kama ina tangi la upepo. Canter nyingi ndogo zina breki za mafuta zikisaidiwa na vakyumu, na vakyumu hunyonya badala ya kusukuma, haitaliza honi. Utahitaji kompresa ndogo ya umeme, tangi la angalau lita 5, swichi inayozima kompresa shinikizo likifika, na valvu ya usalama. Kwa bei ya vyote hivyo, nunua honi ya umeme yenye sauti mbili, pesa iliyobaki ibadilishe matairi.